Dhamana ya Mpita Njia: Mhadhara Uliotolewa Kamanga



Mlinipa hiari ya kusema juu ya jambo lolote lihusulo mji na usafiri wake, nami kwa siku kadhaa nilikuwa nimeazimia kusema juu ya daraja la Kigongo na Busisi, kwa kuwa daraja hilo ndilo linalozungumzwa na kila mtu wa Ghuba hii ya Mwanza tangu lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Walakini leo mchana, niliposhuka pantoni hapa Kamanga nikitoka mjini Mwanza, nikiwa na karatasi zangu kwapani, yalinifika mambo madogo yaliyonibadilishia mada, na kwa kuwa mambo hayo ndiyo yaliyouzaa mhadhara huu, nawaomba mnistahimilie niyaeleze kwanza.

Ukumbi huu, kama mjuavyo, si wa karibu na gati. Bodaboda zilikuwapo tele, kila mwendeshaji akinionyesha kiti chake. Lakini mimi umri umenitupa mkono, na kila nipandapo nyuma ya pikipiki hujikuta nasoma dua ambazo tangu nilipotoka chuoni sikuzisoma. Basi nikamwendea fundi baiskeli aliye chini ya mti, mwenye baiskeli nne alizozipanga kwa stendi zake, nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, “Mwadila,” naye akaniitikia kwa heshima huku akifuta solosheni vidoleni. Nikamwambia nataka kukodi baiskeli moja kwa muda wa saa mbili. Akaniuliza, “Nani anakujua hapa, mzee wangu?” Nikamjibu kwamba hapana anijuaye, lakini ninacho kitambulisho cha taifa, nikakitoa. Akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, “Hiki kinaniambia ulizaliwa wapi. Hakiniambii kama utarudi.”

Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa akipepeta dagaa karibu na pale, ambaye mazungumzo yetu yote ndani ya pantoni hayakuzidi bei ya debe na habari ya upepo, aliposema bila kuinua macho kutoka katika ungo wake: “Mpe baba wa watu baiskeli, nimevuka naye. Asiporudi njoo kwangu, nitakuonyesha alipo.” Fundi hakuuliza neno la pili. Aliijaza upepo gurudumu la nyuma, akaikaza nati ya tandiko kwa spana, akaniandikia saa kwa chaki juu ya kipande cha bati, nami nikaondoka juu ya Phoenix nyeusi ambayo tandiko lake limefungwa vipande vya mpira na kengele yake hailii mpaka uipige mara mbili.

Nilipokuwa nikipanda kile kilima kidogo cha kuja huku nikatafakari kwamba swali la yule fundi, “Nani anakujua hapa?”, ndilo swali ambalo miji mikubwa ya dunia imelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne, ikitumia wahandisi na mabenki na mitambo, kila ilipotaka kutoa baiskeli za kukodi si kwa raia wake waliojiandikisha tu, bali kwa mtalii na kwa mpita njia wa siku moja, na kwamba jibu la yule mama, ambalo lilitolewa bure na kwa sentensi mbili, lina mafunzo ambayo haifai tuyaache yapite.

Watu wa kanda hii hawana haja ya kufundishwa thamani ya baiskeli. Katika miaka ya 1950, pamba ya Usukuma ilipokuwa ikipanda mwaka hata mwaka, na wakulima walipokwisha kujiundia vyama vyao vilivyokuja kuungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani, fedha ya msimu ilipoingia mkononi mwa kijana, kitu alichokitamani baada ya ng'ombe kilikuwa baiskeli, na aghalabu baiskeli yenyewe ilikuwa Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, yenye keria ya chuma iliyoweza kuchukua gunia, au mgonjwa, au bibi harusi. Baadaye ikaja Phoenix ya Uchina, ikaja na Swala iliyoundwa Dar es Salaam. Shinyanga wakaigeuza kuwa gari la abiria na kuiita daladala. Na kule Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walipoanza kuwapakia wasafiri na mizigo yao kutoka boda hii hadi boda ile, baiskeli ikalizaa neno bodaboda, ambalo pikipiki imekuja kulirithi kama mtoto wa kambo anavyorithi nyumba. Na hata leo, simameni gatini pantoni inaposhusha mlango wake, mtaona kwamba kabla gari la kwanza halijawashwa, baiskeli zimekwisha kutoka: hii ina madumu ya maziwa, ile ina tenga la kuku, ile nyingine imebeba mkaa hata mwendeshaji hana budi kuisukuma.

Wala kukodi baiskeli si jambo lililozuliwa Ulaya. Mimi nilizaliwa Pangani, na huku Mwanza nimekuwa mkazi, na sijui mji wa nchi hii, wa pwani wala wa bara, ambao hauna fundi mwenye baiskeli mbili tatu za kukodisha kwa saa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukichanga senti watatu tukaikodi moja kwa nusu saa, kila mmoja na dakika zake kumi, na kwa kuwa miguu yetu haikufika pedeli kutoka juu ya tandiko, tuliupenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu tukaendesha ubavu ubavu kama kaa. Fundi hakuandika majina. Jina lilikuwa uso, na uso ulikuwa nyumba, na nyumba ilikuwa na mama ndani yake. Ukichelewa dakika tano fundi hakukutoza, bali jioni alipita kwa mama yako akasalimu tu, akauliza habari za nyumbani, akaenda zake, na hiyo ilikuwa adhabu tosha. Mimi niliwahi kuipinda ringi ya mbele kwa kuigonga katika mnazi. Fundi hakusema nyumbani, alinitaka niende kwake alasiri tatu nikapige pampu, nami hata leo najua kwa kidole upepo wa kutosha ni upi.

Basi hiyo ndiyo dhamana ya asili, dhamana ya kujuana, na uzuri wake ni kwamba haina gharama, na ubaya wake ni kwamba inakomea pale ambapo watu wanakoma kujuana. Mgeni hana mama mjini. Mgeni anapopita mbele ya fundi, fundi humwona mtu mwenye fedha na asiye na uso, na akiwa mtu mwenye busara humnyima.

Wazee wetu waliosoma fikihi walikuwa na maneno ya kuyapambanua mambo haya, nami nitayataja kwa ufupi, si kwa kuwa nyote hapa ni Waislamu, maana najua si hivyo, bali kwa kuwa Kiswahili kimeyabeba maneno hayo na wengi wetu tunayatumia bila kuyapima. Kukopesha kitu bila malipo, kama jirani anavyompa jirani baiskeli aende sokoni, huitwa ariya. Kukodisha kwa ujira uliojulikana na kwa muda uliojulikana huitwa ijara. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, aliyeazima bure kikiharibika kitu mkononi mwake katika njia isiyo ya matumizi aliyoruhusiwa hana budi kulipa, kwa kuwa manufaa yote yalikuwa yake. Bali aliyekodi kwa ujira ni mwenye amana, halipi chochote kikiharibika isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Huenda hukumu hii ikawashangaza vijana, ambao leo hutiliana saini karatasi inayosema mkodi atalipa kila kitu. Lakini ina insafu ndani yake, maana mwenye baiskeli amekwisha kuchukua ujira, na kuchakaa kwa mnyororo na kutoboka kwa tairi ni sehemu ya alichokiuza. Tena rehani kwao husimama juu ya deni lililokwisha kuthubutu, si juu ya kitu kilicho amana mikononi mwa mtu. Kwa hiyo yule fundi alipokikataa kitambulisho changu alikuwa karibu na vitabu kuliko alivyojua. Na maneno ya yule mama, kwamba nisiporudi atamwonyesha nilipo, yana jina lake pia: ni kafala, dhamana ya kumleta mtu. Hakuidhamini baiskeli; alinidhamini mimi.

Sasa twende ng'ambo. Mwaka 1965 kikundi cha vijana wa Amsterdam walioitwa Provo walitoa rai ambayo mtu wa kwanza kuifikiri alikuwa Luud Schimmelpennink, kwamba mji upake baiskeli rangi nyeupe na kuziacha mabarabarani bila kufuli, kila mwenye haja aichukue na akifika aendako aiache pale pale kwa mwingine. Kwa istilahi zetu hiyo ilikuwa ariya kwa ulimwengu mzima. Baiskeli chache walizozitoa ili kuonyesha mfano, polisi walizichukua, kwa hoja kwamba sheria inakataza kuacha baiskeli bila kuifunga, na mpango ukafa kabla haujaanza kuibiwa. Ilipita miaka thelathini ndipo Copenhagen, mwaka 1995, ilipotoa baiskeli ambazo mtu alizifungua kwa kutumbukiza sarafu, kama tufanyavyo tukiacha fedha ya chupa dukani, na sarafu ilimrudia aliporudisha baiskeli kituoni. Mgeni na mwenyeji walikuwa sawa mbele ya tundu la sarafu, na huo ni usawa wa kusifiwa. Ila sarafu moja si dhamana ya baiskeli, na mwizi yeyote aliweza kupiga hesabu hiyo.

Mji ambao nauona una mafunzo zaidi kwetu ni London, na nitakaa hapo kidogo.

Tarehe 30 Julai 2010 London ilipofungua baiskeli zake za kukodi, zipatazo 5,000, zikiwa zimefungwa katika vituo vya katikati ya mji, aliyeweza kuichukua baiskeli ni yule tu aliyekwisha kujiandikisha kwa jina na anwani na kupelekewa ufunguo wa kuchomeka kituoni. Mtalii aliyeshuka treni akiwa na fedha mfukoni alizitazama tu. Hali hiyo iliendelea kwa miezi minne na siku kadhaa, hata tarehe 3 Desemba mwaka ule ule, ndipo mji ulipoufungua mpango kwa mpita njia: aje na kadi yake ya benki, aichomeke katika mashine, apewe tarakimu za kufungulia, aende zake. Wako waliolaumu kuchelewa kule, wakasema kwamba mji umewafanyia wageni choyo. Mimi sioni hivyo. Mji ulitaka kwanza ujuane na watu wake, ujue kasoro za vituo na za baiskeli zenyewe mikononi mwa watu ambao wangerudi kesho yake kulalamika. Maana mwenyeji akikuta kasoro hukueleza, bali mgeni akikuta kasoro huenda kuwaeleza watu wa kwao.

Lakini angalieni jambo moja ambalo napenda mlishike. Mwenyeji mwenye ufunguo na mgeni mwenye kadi walilipa ada ile ile, pauni 1 kwa siku nzima, na nusu saa ya kwanza ya kila safari bure kwa wote wawili. Kilichowatofautisha si ujira bali dhamana: mwenyeji alijulikana kwa anwani yake, na mgeni, ambaye hakuna mama wa dagaa wa kumsemea, alisemewa na benki yake, kwa ahadi kwamba baiskeli isiporudi zitakatwa kwake hadi pauni 300. Paris, iliyoutangulia mji huo kwa kufungua yake tarehe 15 Julai 2007, ilifanya mfano wa hayo kwa kumshikia mtu wa siku moja dhamana ya yuro 150. Mashine haikumwuliza mtalii nani anakujua. Iliiuliza benki, na benki ikajibu.

Na hapo hapo ndipo ulipo upungufu wake. Dhamana ya benki humfungulia mlango tajiri wa nchi ya mbali na kumfungia maskini wa mtaa wa pili, asiye na kadi. Kitu kilichoundwa ili mgeni asinyimwe, kikawa sababu ya mwenyeji kunyimwa.

Nasema haya si kwa dhana tu. Katika mji mmoja wa pwani yetu, ambao sitautaja, niliwahi kuingia duka lililokuwa limepanga nje baiskeli nzuri za rangi rangi, nikauliza ujira wa saa moja, na kijana aliyekuwa pale, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akaniambia, “Shikamoo mzee. Samahani, hizi ni za wageni.” Nilikuwa maili chache kutoka nilikozaliwa. Sikumkasirikia, maana alikuwa akitimiza alichoagizwa na tajiri wake, lakini niliondoka nikijua kwamba kuufungua mpango kwa watalii ni jambo moja, na kuwauzia watalii mpango wenyewe ni jambo jingine.

Wala si lazima iwe hivyo. Pale katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako mtu anaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, baiskeli hukodishwa langoni, na mwanafunzi aliyetoka Nairobi huendesha ubavuni mwa mtalii. Na Kigali, ambako baiskeli huitwa igare, tangu mwaka 2021 wana baiskeli za mji zinazokaa katika vituo na kufunguliwa kwa simu. Na Septemba 2025 mji ule uliyapokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ambayo kabla ya hapo hayakuwahi kufanyika Afrika. Nawataja Wanyarwanda kwa sababu nchi yao ni ya milima kuliko Mwanza, na kila mara nisemapo habari ya baiskeli katika mji wa Mwanza hutokea mtu akaniambia habari ya mawe na vilima.

Ni kweli, Mwanza ni mji wa mawe, na mtu anayependa maisha yake hatapanda kilima cha Bugando wala cha Isamilo kwa Phoenix. Yule msafiri Mwingereza, Speke, alipoliona ziwa hili kutoka juu ya kilima tarehe 3 Agosti 1858 hakukipanda kwa baiskeli, maana wakati huo baiskeli yenye pedeli ilikuwa bado haijatoka karakana. Lakini chini ya vilima kuna tambarare inayolifuata ziwa: mtu huweza kutoka gati la Kamanga upande wa mjini, akapita akilitazama Jiwe la Bismarck likisimama majini kama mzigo uliosahauliwa, akazunguka Capri Point, au akashika barabara ya Makongoro akapita Kirumba na harufu ya samaki wa Mwaloni, hata Pasiansi, bila kushuka tandikoni mara nyingi. Wageni wengi waendao Serengeti hulala Mwanza usiku mmoja. Asubuhi huenda kisiwa cha Saanane, na mchana hawajui la kufanya. Huyo ndiye mpita njia wetu.

Na upande huu wa Ghuba? Daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limeyachukua malori na mabasi ya Sengerema na Geita, na limewapunguzia watu taabu kubwa, Mungu awalipe walioifanya kazi ile. Walakini mtu wa Kamanga aendaye mjini kwa njia ya daraja hana budi azunguke kusini kote kwa Kigongo na Usagara, na kwa pantoni anashuka mjini penyewe. Kwa hiyo pantoni inazidi kuwa chombo cha watu, na mtu anaposhuka bila gari, kitu cha kwanza anachokihitaji ni miguu mingine. Wengi wenu huvuka na baiskeli zenu kwa sababu mnajua kwamba ng'ambo hamtapata nyingine; na mgeni aliyeko mjini havuki kwa sababu ameambiwa kwamba huku hakuna atakachopanda ila pikipiki. Kama mafundi wa gati hili na mafundi wa gati lile wangepatana, abiria angevuka mikono mitupu akakodi kwenye gati analoshukia, akarudi, akarudisha. Hakuna mtambo unaohitajika hapo. Kunahitajika mkataba na daftari.

Nijuavyo, kizuizi ni hiki, na ndicho nilichokuja kukisema. London ilipompa mgeni baiskeli na asirudi, ilipoteza moja katika 5,000, jambo ambalo mhasibu hulifuta kwa kalamu. Yule fundi wangu wa chini ya mti akimpa mgeni baiskeli na asirudi, amepoteza robo ya mali yake yote. Wakati mwingine husikia watu wakisema kwamba mafundi wetu hawana moyo wa biashara, kwamba wanawaogopa wageni, kwamba hawaujui utalii. Nami nasema fundi huyo anajua hesabu kuliko wanaomlaumu. Mwenye baiskeli nne hawezi kumwamini mpita njia. Hata akitaka hawezi. Anayeweza kumwamini ni mwenye baiskeli mia, au ni watu ishirini wenye baiskeli tano tano waliokubaliana kwamba itakayopotea imepotea kwa wote.

Na hilo, wazee wangu, si geni katika nchi hii. Wakulima wa pamba hawakuwa na mizani yao wala ghala lao mpaka walipoungana. Kila mmoja peke yake alikuwa akipunjwa, na walipokuwa chama wakaweza kusema na mnunuzi wa ng'ambo uso kwa uso. Vyama vile vilikuja kupatwa na maradhi yake baadaye, najua, na wengine hapa wana kisa cha baba aliyekopwa pamba asilipwe; lakini maradhi ya mtu si hoja ya kwamba asingezaliwa. Fungu dogo litakalokatwa katika kila saa ya ujira, likatunzwa na mafundi wenyewe, likamlipa mwenye baiskeli iliyopotea kabla hajalala na njaa, ndilo litakalomfanya fundi amtazame mgeni bila kumwona mwizi.

Juu ya dhamana ya mgeni mwenyewe sina haja ya kusema mengi. Asiachwe kuweka pasipoti yake chini ya mti. Ni hatari kwake na ni fedheha kwetu. Aweke fedha, ijulikane ni kiasi gani, apewe stakabadhi, na arudishiwe yote hapo hapo arudipo, pasiwepo mtu wa kukata mia mbili ya chumvi kwa mkwaruzo uliokuwapo tangu mwaka jana. Mwenyeji asiye na fedha ya kuweka asemewe na mtu, kama nilivyosemewa mimi, na jina la msemaji liandikwe. Bei ya saa iandikwe ubaoni kwa Kiswahili, moja kwa wote. Najua yatatokea manung'uniko juu ya hili la mwisho, kwamba mzungu ana uwezo, kwa nini asilipe mara tatu. Nami sijibu kwa hoja za dini wala za siasa, nasema tu kwamba siku bei zitakapokuwa mbili, baiskeli zenye breki nzima zitakuwa za bei ya juu, na haitapita miaka mingi mjukuu wangu ataambiwa pale chini ya mti kwamba hizi ni za wageni.

Kwa waheshimiwa madiwani mlioko hapa ombi langu ni moja: msilete kampuni kabla hamjakaa na mafundi. Kampuni ikija na vituo vyake vya chuma itawapata ninyi tayari, na mafundi itawakuta wametawanyika, kila mmoja na mti wake. Wapeni kipande cha kiwanja gatini, chenye paa, waunde umoja wao, wapewe mwaka mmoja wakodishe kwa wenyeji, kama London ilivyoanza na watu wake, ndipo lango lifunguliwe kwa kila ashukaye pantoni.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili nyingine juu ya njia za baiskeli barabarani, lakini Mwenyekiti amenitazama, na mimi pia nimetazama saa. Bati la fundi linasema saa mbili na zimebaki dakika kumi na tano. Yule mama anavuka kurudi mjini na pantoni ya jioni, na mimi nisiporudisha baiskeli mapema itamwacha.